Fundi Mwaminifu Apatikana Wapi?

Suala hili huulizwa kila siku na watu wenye malori katika mji wetu: Ni gereji gani ya kuaminika, ambayo mtu aweza kulipeleka lori lake likanyooshwa magurudumu na kutengenezwa, asidanganywe wala asiibiwe? Na aghlabu ya majibu huwa ni majina ya mahali: nenda Changamwe, nenda Jomvu, nenda Miritini kwa fulani. Walakini mwenye kulitazama suala hili kwa makini ataona kuwa si suala la mahali. Ndani yake mna suala kongwe la akhlaki, nalo ni hili: Asiyejua atamtambuaje ajuaye kuwa amesema kweli? Na akikosa njia ya kumtambua, ni nani abebaye dhamana ya madhara yatakayotokea?

Kwanza yatupasa tuifahamu kazi yenyewe, kwani kulihukumu jambo hufuata kulijua. Kunyoosha magurudumu, ambako mafundi wetu hukuita alaimenti, ni kuyaweka magurudumu ya gari katika mielekeo yake iliyo sawa, ili yote yaende njia moja. Kombo yake haionekani kwa jicho. Hupimwa kwa milimita. Na udogo huo usimghuri mtu. Tufanye hesabu. Ikiwa tairi imepotoka milimita 2 tu katika kila mita moja, basi katika kila kilomita inayokwenda mbele huburutwa kwa ubavu mita 2. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 480. Kwa hivyo tairi hiyo itakuwa imeburutwa kwa ubavu mita 960, karibu kilomita nzima, juu ya lami ya moto na chini ya mzigo mzito. Nao mzigo si mchache: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori na trela lake, likiwa na ekseli 7, lifike tani 56. Basi mpira huliwa kabla ya wakati wake, mafuta hupotea, na dereva hushinda akishindana na usukani unaomvuta kando. Na tairi iliyokwisha kuliwa ikipasuka mteremkoni, khasara haiwi tena ya mpira.

Sasa tazama jinsi kazi hii ilivyofungua mlango wa khiyana. Mwashi akijenga ukuta wa kombo, mwenye nyumba ataiona kombo. Mwokaji akikuuzia mkate mbovu, utaujua kwa kuonja. Ama fundi wa magurudumu, akikwambia, "Tayari, bwana," huna la kuonja wala la kuona. Uwongo wake hudhihiri baada ya safari nyingi, na utakapodhihiri kila mtu atakuwa na udhuru wake: fundi atailaumu njia, dereva ataulaumu mzigo, na mwenye lori atamlaumu aliyemuuzia tairi. Dhambi itabaki katikati ya njia haina mwenyewe.

Kwa ajili hii watu hutafuta alama za kuwaongoza, na wengi hukamata alama zisizokuwa na dalili. Wako wamchaguao fundi kwa kuwa ni mtu wao, wa ukoo au wa mtaa, au kwa kuwa humuona safu ya mbele msikitini. Swala ni nguzo ya dini, lakini haimfundishi mtu kupima ekseli. Wako wengine waichaguao gereji kwa mtambo wake mpya wenye taa na karatasi ya kuchapishwa. Mtambo hupima lile ulilowekewa tu. Ukiwekwa vibaya husema uwongo kwa tarakimu safi. Na wako waifuatao sifa ya zamani, wakasahau kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mizani iliyo sawa tumepewa katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyana. Yule binti aliyemshauri babake amuajiri alimsifu kwa mambo mawili pamoja: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 1328, amebainisha kuwa nguvu katika kila kazi ni za aina yake: nguvu za vita ni ushujaa na ujuzi wa mapigano, na nguvu za hukumu ni kuujua uadilifu na kuweza kuzitekeleza hukumu. Akataja pia kwamba kukutana kwa nguvu na uaminifu katika mtu mmoja ni kuchache. Kwa kiasi hicho, nguvu za fundi ni ujuzi wake. Fundi mjuzi asiye mwaminifu atakuibia kwa ustadi. Na mwaminifu asiye mjuzi atakudhuru kwa nia njema. Walakini hawa wawili hawako sawa. Mwaminifu wa kweli akifika mwisho wa ujuzi wake husema, "Hili silijui, mwendee fulani." Akinyamaza akaishika kazi asiyoijua na akapokea ujira wake, basi huo uaminifu tuliomdhania hakuwa nao. Kukiri kutojua ni sehemu ya amana.

Je, mtu asiyejua ufundi atazipimaje sifa hizi mbili? Hawezi kuzipima zote, lakini hakuachwa gizani.

Ama ujuzi, mtazame fundi anavyoanza kabla ya kushika spana. Fundi mjuzi huuliza maswali: lori huvuta upande gani, hubeba nini, tairi zilibadilishwa lini. Kisha huzisoma tairi kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa. Iliyoliwa katikati imejazwa upepo kupita kiasi. Iliyoliwa kingo zote mbili imekosa upepo. Iliyoliwa upande mmoja yaonyesha kombo. Na yenye mashimo mashimo yaonyesha kuwa shokomzoba zimechoka au gurudumu halikusawazishwa. Hupitisha kiganja juu ya mpira kwenda na kurudi, na akiuona laini njia moja na mkali njia ya pili, kama meno ya msumeno, hujua kuwa unaburutwa. Kisha huinua ekseli ya mbele na kuyatikisa magurudumu, apate kujua kama kingpini, beringi na ncha za taairodi zimelegea. Hutazama springi na boliti zake. Haya yote ni kabla ya kunyoosha, kwani kunyoosha gari lililolegea ni kupiga mstari juu ya maji.

Na liko jambo moja ambalo mwenye lori alikumbuke zaidi ya yote. Maradhi ya lori huonekana mbele, lakini mara nyingi chanzo chake ki nyuma. Ekseli za nyuma zikiwa hazikulingana, husukuma lori zima kwenda kando, na trela hutembea upande kama kaa. Hapo dereva hulazimika kuukaza usukani muda wote ili aende sawa, na tairi za mbele huliwa ingawa hazina kosa. Fundi anyooshaye mbele peke yake, wala asizitazame ekseli za nyuma na za trela, ametibu homa akaliacha jeraha. Tairi mpya zitaliwa kama zile za zamani, na mwenye lori atarudi kulipa tena. Basi muulize fundi neno hili moja: "Nyuma utapima?" Jibu lake litakutosha.

Ama uaminifu, alama yake kubwa ni kuwa fundi aweza kuukataa ujira. Akikwambia, "Kingpini zako zimekwisha, sitakunyooshea mpaka zibadilishwe, kwa sababu nitakula pesa zako bure," huyo mshike kwa mikono miwili. Alama nyingine ni ndogo ndogo: hukuandikia vipimo vya kabla na vya baada, hukurudishia chuma cha zamani alichokitoa, hukutajia gharama kabla ya kazi, wala hakukasirikii ukisimama kutazama. Na kazi ikiisha humwambia dereva kuwa nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena baada ya kiasi cha kilomita 80 hadi 160, mathalan afikapo Maungu au Voi. Neno hilo halimpatii fundi hata senti moja, na ndiyo maana ni dalili.

Mtu aweza kusema: Kwa nini tusiiachie sheria kazi hii, fundi akiharibu alipe? Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili kwa urefu. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba aliwatia mafundi dhamana ya mali za watu walizokabidhiwa, kwa kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hivyo. Na ar-Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imamu Shafii, amepokea kuwa Imamu, aliyekufa mwaka 204 wa Hijra, alikuwa akiona kwamba fundi hana dhamana ya kilichoharibika mikononi mwake pasipo kosa lake, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, kwa kuwakhofu mafundi wabaya. Zingatia khabari hii. Haki yamtaka asiye na kosa asilipishwe. Na maslaha ya watu yataka mlango wa khiyana ufungwe. Imamu mkubwa kama huyu aliiona shida iliyo katikati ya mambo haya mawili. Sheria yaweza kumlipisha fundi baada ya madhara kuthubutu. Haiwezi kuuona moyo wake wakati yu chini ya gari peke yake na taa yake.

Watu wa zamani walijaribu kulitengeneza pengo hili. Katika miji ya Kiislamu msimamizi wa soko, muhtasibu, hakudai kuzijua sanaa zote. Ash-Shayzari, aliyeandika kitabu juu ya kazi hiyo katika karne ya sita ya Hijra, ameeleza kuwa muhtasibu humchagua katika kila sanaa mtu mmoja miongoni mwa watu wake, mjuzi wa kazi hiyo na wa hila zake, tena mwenye kujulikana kwa uaminifu, awe ndiye arifu wao. Hekima yake i wazi: ghushi ya mafundi haijulikani ila na fundi. Ni nini kiwazuiacho wenye malori wa Mombasa wasifanye mfano wa hayo? Wangekubaliana juu ya fundi mmoja mzee, aliyekwisha kustaafu, wakamlipa wao kwa pamoja, akawa akilikagua lori baada ya kazi na kuamua panapozuka ugomvi, hali hana gereji wala duka la vyuma, pangeepukwa maovu mengi kwa gharama ndogo.

Lakini hata hilo halitafaa ikiwa sisi wenyewe hatutaki kweli. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Yule fundi aliyesema, "Sitakunyooshea mpaka kingpini zibadilishwe," wenye malori wangapi humshukuru? Wengi huwasha gari wakaenda gereji ya pili, ambako huambiwa, "Hapana taabu, lete nusu saa." Aliyesema kweli amekosa chakula cha siku ile, na aliyesema uwongo amepata. Mwanachuoni wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba mnunuzi asipoweza kupambanua kizuri na kibaya huvilipia vyote sawasawa, na vizuri vikaondoka sokoni. Na sisi twafanya zaidi ya hayo: kizuri hutubainikia, nasi hukikimbia kwa kuwa ni ghali. Kisha hurudi barazani tukalia kwamba mafundi waaminifu wamekwisha.

Atasema mtu: "Lori ni langu, na khasara nikiipata ni yangu." Hili si kweli. Mali ni yako, lakini roho si zako. Wewe umelala mjini, na dereva wako na utingo wake wako njiani usiku, na mbele yao laja basi lililojaa watu ambao hawakushauriwa ulipochagua rahisi. Wao ndio waliokuwa na haki kubwa zaidi katika maafikiano yako na fundi, na hawakuwapo.

Wala sisahau kuwa yuko mwenye lori moja, alilolinunua kwa deni, na siku moja ya kulala gereji ni siku ya njaa nyumbani kwake. Huyu hastahiki kukemewa, astahiki kusaidiwa. Fundi mwenye uwezo na ampe muda wa kulipa, na jamaa zake wenye mali wamkopeshe pasina riba, kwani kumsaidia mtu asilazimike kulitoa lori bovu ni kuwasaidia wote watumiao njia ile. Lakini hata naye hana rukhsa ya kuificha kombo ya gari lake kwa dereva. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na hapa huenda kikaanza kwa asiye mgonjwa.

Basi ukiulizwa fundi mwaminifu apatikana wapi, jibu: apatikana pale ambapo akisema kweli hulipwa. Mwenye kumtaka na aanze kwa kuwa mteja wa aina hiyo. Aulize kabla, asimame atazame, akubali kuambiwa asilolipenda, alipe ujira kamili bila ya kuuchelewesha, na akimpata mtu wa namna hii awatajie wenziwe jina lake, ili asije akafunga gereji yake kwa kukosa kazi katika mji ambao kila mmoja adai kuwa anamtafuta.