Mtani Hafukuzwi Msibani

Jeneza liko mabegani, watu wameshashika njia ya makaburini, mara mzee mmoja anajilaza katikati ya njia. Hapiti mtu. Anadai marehemu alimkopa jogoo mwaka juzi, na leo anataka kukimbilia chini ya ardhi na deni lake. Mwenzake amevaa koti na kofia ya marehemu, anatembea mikono nyuma kama alivyokuwa akitembea yeye, anakohoa kikohozi chake. Mjane, ambaye tangu jana hajanyanyua uso, anaangua kicheko, kisha analia upya, safari hii kwa sauti. Fedha kidogo zinatolewa, njia inafunguliwa, watu wanakwenda kuzika.

Hao ndio watani. Wapo wa ukoo kwa ukoo, na wapo wa kabila kwa kabila: Wangoni kwa Wahehe, Wachaga kwa Wapare, Wanyamwezi kwa Wazaramo. Utani mwingine ulizaliwa na vita vilivyokwisha, mwingine na misafara ya karne ya 19, wapagazi kutoka bara walipokuwa wakishuka pwani na kuhitaji mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kuwazika wakifia ugenini. Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa akichunguza ndege kule Amani, Usambara, aliuona utani kuwa jambo zito kiasi cha kuuandikia makala miaka ya 1940. Ndege wakasubiri.

Wazee wetu hawakukiacha kicheko kije chenyewe kikipenda. Walikipa mwenyewe, wakampa mwenyewe huyo kazi, ujira, na kinga ya kutoshitakiwa kwa maneno yake. Tena walichagua vizuri. Mtoto wa marehemu akifanya mzaha msibani ataambiwa amechanganyikiwa. Mgeni akifanya, atapigwa. Mtani yuko karibu kiasi cha kulazimika kuja, na mbali kiasi kwamba msiba haujamvunja. Na hachekeshi tu. Kwa Wazaramo na wengi wengine, mtani ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi, anayeteka maji, anayesimamia chakula. Anayekutukana asubuhi ndiye aliyekesha kwako usiku.

Kwamba kicheko hupunguza maumivu, sayansi nayo imefika hapo kwa njia yake. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2011, waliwapima watu uvumilivu wa maumivu kwa kuwabana mkono na mkanda wa kupimia presha, au kuwavisha kifuko cha barafu, kabla na baada ya kutazama vichekesho. Waliocheka walistahimili zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, waliwapiga picha za ubongo wanaume 12 baada ya kucheka na marafiki zao kwa nusu saa, wakaona ubongo umeachia kemikali za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Kucheka kwa dhati ni kazi ya mbavu na tumbo: pumzi inasukumwa nje mara nyingi mfululizo, moyo unakwenda mbio, halafu misuli inalegea. Lakini ona kwamba wale wa Finland walicheka na marafiki. Mtu akiwa peke yake hucheka mara chache mno, hata kichekesho kikiwa kilekile.

Sisemi kicheko kinatibu kisukari. Mwenye vidonge vya presha avimeze.

Tena kipo kicheko ambacho chenyewe ni ugonjwa, na kisa chake maarufu duniani ni cha kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95. Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudi kwao, na hali hiyo ikazuka Nshamba na kwingineko. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu wasione kitu. Huko nje kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, jambo linaloniudhi, kwa sababu mabinti wale walikuwa pia wakilia, wakihangaika na kuona hofu. Wachunguzi wa baadaye wamekieleza kuwa ni dhiki ya nafsi iliyoambukizana katika kundi. Mimi huwaza kwamba walikuwa watoto wengi wenye mzigo mmoja, bila hata mtu mmoja aliyeruhusiwa kuutania.

Wazee waliweka na mipaka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema, na utani una watu wake: hutaniwi na yeyote, kwa lolote. Mtani husema mbele yako, mbele ya watu, naye kesho zamu yake itafika. Anayemcheka mfiwa kwenye kundi la WhatsApp akiwa kitandani hajachimba kaburi la mtu.

Mijini sasa msiba una kamati, mshereheshaji na ratiba iliyochapwa, na mtani akijitokeza anaombwa akae pembeni. Wapo vijana wanaomwona mshamba. Hilo linaumiza, ila utani haujawahi kuwa wa msibani tu. Bibi na mjukuu ni watani wa kuzaliwa: bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”, humlalamikia kuwa mwezi wa pili huu hajamnunulia kanga. Leo bibi anayeishi kwa mwanawe mjini huulizwa mambo mawili kila siku, kama amekula na kama amemeza dawa. Ni maswali ya upendo, hayana ubaya. Lakini mumewe wa miaka minane yuko chumba cha pili na simu, na hakuna aliyemwambia kuwa ana haki ya kuingia kwa kishindo, kudai chai yake kwa ukali, na kuitwa mvivu asiyejua kutunza mke.