Mchagua Nazi Hupata Koroma: Methali na Mtamba wa Kwanza

Methali isemayo kwamba mchagua nazi hupata koroma ilizaliwa pwani, chini ya minazi, lakini siku hizi husikika hata katika vilima vya Ngara na nyika za Biharamulo, nchi ambamo mgomba ndio wenye enzi wala si mnazi; na kila inaposemwa, aghalabu husemwa kwa kumkemea mtu mwenye makuu, kama vile kijana aliyekataa wachumba wema mmoja baada ya mmoja akaishia kwa asiyemfaa, au mnunuzi aliyepekua soko zima akarudi nyumbani na kitu duni. Kwa matumizi hayo methali imegeuzwa hukumu juu ya kila mwenye kuchagua, na mtu akitaka kupima jambo kabla ya kulitenda huambiwa anyamaze, achukue kilichopo, ashukuru. Mimi siamini kwamba wahenga walikusudia hivyo. Walikuwa watu wa biashara na bahari, wajuzi wa pepo na mizani, na ni vigumu kudhani kwamba watu wa namna hiyo waliwausia watoto wao kununua kwa kufumba macho.

Tuitazame nazi yenyewe, maana siri ya methali imo ndani yake. Tunda la mnazi hupita daraja nyingi, kidaka, kitale, dafu, koroma, hata likawa nazi kamili. Na koroma ni lile ambalo limekwisha kupoteza utamu wa dafu bila ya kufikia tui la nazi, kwa hiyo halimfai mwenye kiu wala mpishi. Walakini kwa dhahiri yake koroma ni tunda la kupendeza. Bado limejaa maji, ni zito mkononi, na likitikiswa karibu na sikio halilii, hali nazi iliyokomaa imepungukiwa na maji, imekuwa nyepesi kidogo, na yale yaliyobaki husikika yakicheza ndani. Basi mnunuzi anayechagua kwa tamaa, akapima kwa jicho na kiganja, akataka kubwa kuliko zote na nzito kuliko zote, ndiye hasa atakayelibeba koroma, kwa sababu uzito alioufurahia ulikuwa dalili ya upungufu alioukimbia. Mwenye kutikisa na kusikiliza naye amechagua, tena kwa makini zaidi, lakini amechagua kwa kipimo kinachohusiana na chungu kinachomngojea jikoni.

Sijui jambo ambalo methali hii hulihukumu kwa insafu zaidi katika wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, kuliko ununuzi wa mtamba wa kwanza, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Nyumba yenye migomba, kahawa na mbuzi wachache huweka akiba kwa miaka, tena akiba ya kujinyima, hata siku ikafika ya kutafuta ng'ombe wa maziwa; na swali la kwanza la mnunuzi, mara nyingi la pekee, huwa ni lita ngapi kwa siku. Hapo ndipo anapotajwa Friesian, yule mweusi kwa mweupe ambaye asili yake ni malisho ya Uholanzi, na kusemwa kwamba akitunzwa vyema hutoa lita 20 na zaidi. Habari hiyo ni kweli, na ubaya wake ni kuwa imesimuliwa nusu. Ng'ombe huyo akikomaa hufikia kilo 600 hivi. Majani mabichi atakayokula kwa siku yanakaribia sehemu ya kumi ya uzito wake. Na akiwa anakamuliwa hutaka maji kiasi cha ndoo 4 za lita 20, wala haachi kunywa kwa kuwa ni kiangazi. Ngara ni nchi ya miinuko, maji yako bondeni na nyumba ziko juu, na toka Juni hata Agosti majani ya vilimani hukauka yakawa rangi ya udongo. Nani atakayezipandisha ndoo hizo? Mwenye kununua ni baba, lakini wenye kupanda na kushuka mara nyingi ni mke na watoto, ambao hawakuulizwa. Naliona jambo hili kuwa ni la maadili kabla halijawa la uchumi, kwa maana mtu hana haki ya kuchagua fahari ambayo taabu yake italipwa na migongo ya wengine.

Liko na lililo zito zaidi, nalo ni maradhi. Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, hubeba ndigana kali, na ng'ombe wa kigeni aliyekulia mahali pasipo na kupe hao akiumwa nao huvimba tezi za chini ya masikio na mbele ya bega, homa humpanda, pumzi humwelemea, povu humtoka puani, na asipotibiwa mapema hufa katika majuma machache. Ng'ombe wa asili naye huumwa, lakini uzao wake umeishi na maradhi hayo kwa vizazi vingi, na ndama aliyeugua angali mdogo akapona hubaki na kinga ya muda mrefu. Kinga hiyo haionekani sokoni. Haina rangi, haina uzito, haipimwi kwa lita; ni fadhila ya batini, na mwenye kuchagua kwa macho huiacha nyuma bila ya kujua kwamba ameacha kitu. Ipo chanjo, uko uogeshaji, ziko dawa, na mwenye kuvipata vyote hivyo kwa wakati anaweza kumfuga mgeni. Lakini josho lililo mbali na bwana mifugo mwenye kata kubwa mno ni mambo ya kuhesabiwa kabla ya fedha kutoka mkononi, si baada.

Ukishuka kutoka Ngara kuingia Biharamulo hesabu hubadilika tena, maana huko miti ni mingi zaidi na adui ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mdudu huyu amekuwa mwenye amri juu ya historia ya nchi hiyo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi makubwa ili kuwaepusha na malale yaletwayo na mbung'o, na Biharamulo ilikuwamo katika nchi hizo. Na mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, yaliyounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yalibaki mapori kwa sababu mojawapo kwamba mfugaji hakuweza kuyashinda. Ni mdudu huyu aliyemzuia farasi, mnyama wa fahari wa Waarabu na Wazungu, asipate makao katika sehemu kubwa ya bara letu. Msafiri Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, baghala na punda, akitaka kujua ni yupi atakayestahimili mbung'o, na safari haikwenda mbali kabla ya wanyama hao kuanza kufa mmoja mmoja, kwa mbung'o na kwa kutendwa vibaya na watumishi. Miaka 29 baadaye, mwaka 1895, daktari David Bruce alionyesha huko Zululand kwamba nagana, maradhi ya ng'ombe na farasi, huletwa na kijidudu kiishicho katika damu, nacho huchukuliwa na mbung'o. Yaliyowapata farasi yanaweza kumpata Friesian vilevile. Nasaba bora haimwombei mnyama msamaha mbele ya mbung'o.

Isidhaniwe kwamba nasema cha asili ni chema daima na cha kigeni ni kibaya. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, ambaye watu wa Ngara na Karagwe wamemtukuza kwa vizazi, ni mnyama wa haiba kubwa, na msafiri Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 alimkuta mfalme Rumanika katika nchi ambamo heshima yenyewe ilinyweshwa maziwa. Lakini sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika kwa njia ya Massawa mwaka 1887, ilipofika huku miaka michache baadaye iliwafagia ng'ombe hao makundi kwa makundi, kwa maana walikuwa wenyeji wa nchi pasipo kuwa wenyeji wa maradhi hayo. Aidha, Ankole hutoa lita 2 au 3 tu juu ya anazonyonya ndama, na pembe zile, pamoja na uzuri wake wote, ni udhia katika banda dogo lililo kati ya migomba. Ng'ombe mfupi mwenye nundu, ambaye wafugaji wa Kisukuma wamemleta Biharamulo kwa mamia, hutoa pungufu ya hayo. Walakini hula majani makavu, hutembea mpaka kwenye maji, na humzalia mwenyewe katika mwaka ambao wengine huzika.

Kati ya pande hizo mbili wako machotara, na hapa naweka neno langu wazi. Kwa nyumba ya Ngara iliyokwisha kupanda matete kabla ya kununua, yenye maji yanayofikika na nia ya kuogesha kila juma, mtamba bora wa kwanza ni chotara wa nusu kwa nusu, mama wa asili na baba wa kigeni; na ikiwa shamba ni dogo, baba huyo na awe Jersey kuliko Friesian, kwa kuwa Jersey ana mwili mdogo, hula kidogo, na maziwa yake yana mafuta mengi. Kwa nyumba ya Biharamulo iliyo kando ya pori, naona afadhali ng'ombe wa asili aliyezaliwa kijijini hapohapo, au chotara wa ng'ombe aina ya Boran, hata lita zake zikiwa chache. Watu wa utafiti wa Mpwapwa walipomtengeneza ng'ombe wa jina hilo, kwa kuchanganya damu za Bara Hindi, za Afrika na kidogo za Ulaya, walifuata fikira hiyo hiyo: walitafuta mnyama wa nchi kavu ya Dodoma, hawakutafuta ng'ombe bora wa ulimwengu.

Na ng'ombe bora wa ulimwengu hayupo. Hili ndilo naliona kuwa kiini cha methali, na ni neno la falsafa kubwa lililofichwa katika kapu la sokoni: kwamba ubora haukai ndani ya kitu peke yake, bali hupatikana pale kitu, mahali na mkono wa mwenye kukitumia vinapokubaliana. Mwenye kuchagua kwa haki hujipima nafsi yake kwanza, akajua ana majani kiasi gani, subira kiasi gani, na watu wangapi wa kumsaidia. Ndipo humtazama mnyama. Kujipima huko ni kugumu kuliko kumpima ng'ombe, kwa sababu nafsi hupenda kuhesabu mali ambayo haijawa nayo. Wako wanaoijibu hoja hii kwa methali nyingine, mchagua jembe si mkulima, lakini hiyo yamhusu mvivu anayetafuta udhuru wa kutolima, na mwenye kupanda matete mwaka mmoja kabla ya kununua mtamba hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wavivu. Tena jembe halina uhai. Mtamba hakumchagua bwana wake, hawezi kurudi alikotoka, na makosa ya hesabu zetu huyalipa kwa mbavu zake.

Chaguo la pili huja mapema kuliko watu wanavyotazamia, yaani siku mtamba atakapotaka dume. Ndama wa chotara wa nusu kwa nusu akizaliwa kwa dume la kigeni atakuwa na robo tatu ya damu ya ugeni, na uzao wa ndama huyo kwa dume kama hilo utakuwa nayo zaidi. Kila daraja huongeza maziwa na pamoja nayo njaa, kiu na udhaifu mbele ya kupe. Kwa hiyo anayeitisha uhimilishaji na aulize mbegu ni ya dume gani, asiridhike kuambiwa kwamba ni nzuri. Na kama maji bado yanachotwa bondeni kwa kichwa, dume la chotara au la asili latosha kwa uzao huo, mpaka tangi la maji ya mvua litakapojengwa karibu na banda.