Alipewa Nyumba Nzima

Panya walikuwa wamemshinda mama mmoja wa Tandale, Dar es Salaam. Unga, sabuni, hata madaftari ya watoto, vyote vilitafunwa. Sumu ya panya aliiogopa kwa ajili ya wanawe, na hapo alifanya busara. Akamwomba muuza samaki kitoto cha paka, akaletewa jioni ndani ya mfuko wa sandarusi.

Macho ya paka huyo yalikuwa bado ya bluu, dalili kwamba alitolewa kwenye ziwa mapema mno. Hakuna aliyeangalia macho. Watoto wa wapangaji wote walimgombania. Akaoshwa kwenye beseni kwa sabuni ya unga, akatolewa akitetemeka, akawekewa bakuli la maziwa ya ng'ombe. Hilo silaumu sana, maana hata vitabu vya watoto humchora paka kando ya bakuli la maziwa. Lakini matumbo ya paka wengi hayayawezi, na kulipokucha alikuwa anaharisha.

Usiku wa kwanza aliachiwa nyumba nzima: sebule, stoo, jiko na uani. Akajibanza nyuma ya gunia la mkaa. Mtoto mmoja akamvuta mguu wa nyuma, akakwaruzwa, na kipaka kikapigwa kofi. "Paka gani huyu hana shukrani!" Usiku wa pili mlango wa uani uliachwa wazi ili aende kuwinda. Asubuhi mpangaji wa chumba cha nyuma alimkuta mtaroni, amekufa.

Mama anasema paka alizaliwa dhaifu. Mimi nasema alikufa kwa kuharakishwa.

Mgeni huyo alihitaji kona moja tu ya chumba kimoja: boksi lililokatwa mlango, khanga kuukuu ndani yake, maji, na karai la mchanga mbali kidogo na chakula, kwa sababu paka hapendi kula karibu na choo chake. Akijificha uvunguni, aachwe. Keti sakafuni, chambua mchele wako, usimwite. Njaa na udadisi vitamtoa, atakuja mwenyewe kunusa vidole vyako, na ndipo umguse kwa mara ya kwanza. Akishazoea kula na kujisaidia hapo bila woga, mfungulie chumba cha pili. Nje asubiri wiki kadhaa. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa wanamfaa kwa kuanzia.

Na kuhusu kuwinda: panya buku aliyekomaa hufika kilo moja na zaidi, na kitoto cha paka cha wiki nane hakifiki hata kilo moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama panya wanakusumbua leo, tafuta paka mkubwa. Ukitaka mtoto, mwache kwa mama yake mpaka atimize angalau wiki nane, kisha umpitishe kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo na kupangiwa chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata ugonjwa huo.