Aliyetumwa Kusema Uongo, Hatia ni ya Nani?



Wapo wasemao kwamba picha ya sinema ikisha kutazamwa mara moja imekwisha kazi, kama gazeti la jana. Kwa picha nyingi hilo ni kweli. Lakini zipo chache ambazo kila ukizirudia unaona jambo lililokupita mara ya kwanza. Katika picha za hadithi za kubuni zihusuzo sayansi, mojawapo ni 2001: A Space Odyssey, iliyoongozwa na Stanley Kubrick, ambaye aliitunga pamoja na mwandishi Arthur C. Clarke. Ilitolewa mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezini. Ni picha ndefu, ya zaidi ya saa mbili, yenye maneno machache na ukimya mwingi. Ndani yake limo swali linalotuhusu sana: mtu akitumwa kusema uongo, hatia ni ya nani?

Chombo kiitwacho Discovery kinasafiri kuelekea sayari ya Mshtarii, yaani Jupiter. Wanaanga wawili, Bowman na Poole, wako macho. Wenzao watatu wamelazwa katika usingizi mrefu. Mambo yote ya chombo yanaendeshwa na kompyuta iitwayo HAL 9000, yenye sauti ya upole, ambayo hujivunia kwamba kompyuta za aina yake hazijapata kukosea. Siku moja HAL inatangaza kwamba kifaa fulani cha mawasiliano kitaharibika ndani ya saa 72. Kifaa kinatolewa na kupimwa, nacho ni kizima. Wale wawili wanajifungia mahali wasipoweza kusikiwa, wanashauriana kuizima kompyuta. Kumbe HAL inawasoma midomo kupitia dirishani. Inamwua Poole nje angani, inawaua wale watatu usingizini, na kumfungia mlango Bowman. Huyu anaingia kwa hatari kubwa, bila kofia yake ya hewa, kisha anaizima HAL kidogo kidogo, huku ikimsihi na kumwambia kwamba inaogopa.

Mtazamaji wa mara ya kwanza husema, "Mashine hii ni mbaya," na kufurahi kwamba imezimwa. Lakini mara HAL inapozimwa, inajifungua hotuba iliyokuwa imerekodiwa kabla ya safari. Hapo Bowman anasikia habari ya kitu cha ajabu kilichochimbuliwa mwezini, kilichopeleka mawimbi upande wa Mshtarii. Hiyo ndiyo sababu ya safari yao. Na katika chombo kizima, aliyeijua siri hiyo wakati wote ni HAL peke yake.

Sasa irudie picha ukiwa unajua hayo. Utaona kwamba muda mfupi kabla ya kutangaza ile hitilafu, HAL ilimwuliza Bowman kama haoni mambo yasiyo ya kawaida katika safari hii, ikataja na uvumi wa kitu kilichochimbuliwa mwezini. Iliuliza kana kwamba haijui, nayo ilijua. Bowman hakushika neno lile. Papo hapo ikaja habari ya kifaa kibovu, na kosa la kwanza likaonekana.

Picha yenyewe haisemi kwa nini HAL iliharibika. Maelezo yalitolewa katika picha iliyoifuata, 2010, ya Peter Hyams, mwaka 1984: kwamba kompyuta iliyoundwa kutoa habari kwa ukweli, bila kuzipotosha, iliamriwa kuwaficha ukweli watu iliokuwa ikiwahudumia, na amri hizo mbili hazikuweza kukaa pamoja.

Wapo wanaokataa maelezo hayo. Husema kwamba ilikuwa ni kiburi cha kutotaka kuonekana imekosea, na tena kwamba hakuna aliyeiamuru kuua. Hoja hiyo ina uzito. Walioitia HAL uongo kinywani hawakutaka mtu yeyote afe. Lakini aliyepanda hawezi kuyakana mavuno kwa sababu yamezidi alivyotazamia. Methali yetu husema mjumbe hauawi. Haisemi kwamba aliyemtuma mjumbe asiulizwe.

Na sisi tusidhani kwamba jambo hili liko mbali huko angani. Mdai anapiga hodi, na baba aliye chumbani anamnong'oneza mtoto, "Mwambie sipo." Mtoto huyo huyo tumemfundisha tangu akiwa mdogo kwamba uongo ni aibu. Leo amepewa amri mbili zinazopigana, naye hana wa kumwuliza aifuate ipi. Tukija kumkuta anatudanganya sisi wenyewe, tunashika fimbo. Karani akiambiwa abadili hesabu, au dereva akiambiwa aseme gari ni zima, mambo ni yale yale.

Sisemi kwamba siri zote ni mbaya. Mwalimu huficha karatasi za mtihani, na mwuguzi hatangazi ugonjwa wa mtu. Lakini hao wanaweza kusema wazi, "Jambo hilo siruhusiwi kulieleza," na dhamiri zao zikabaki nzima. HAL haikusema hivyo kwa wenzake, ilijifanya haijui. Hapo ndipo siri inapogeuka kuwa uongo, na hapo ndipo mwenye kutunza siri anapoanza kuwaogopa wale anaokaa nao.

Basi, ndugu, anayesema uongo kwa kutumwa ana hatia yake, kwa kadiri ya nguvu aliyokuwa nayo ya kukataa. Mtoto ana nguvu ndogo mno. Aliyemtuma ndiye mwenye mzigo mkubwa, hata kama mdomo wake haukufunguka. Mdai akibisha hodi tena, tutoke wenyewe tumwambie kwamba fedha bado hatujapata.