Krismasi Inayolipwa Januari

Swali lenyewe linaonekana dogo, na watu wengi huwa wanalimaliza kwa kicheko: mtu asiye na hela ana haki ya kuandaa karamu? Nimesema haki, sikusema uwezo. Uwezo tunaujua. Daftari la madeni lipo dukani kwa jirani, mikopo ya kausha damu ipo kila kona, na mtu akiamua kuchinja mbuzi tarehe 25 Desemba, mbuzi atapatikana tu. Ninachouliza ni kama kufanya hivyo ni jambo jema, na kama si jema, ubaya wake umekaa wapi hasa.

Huku kwetu Biharamulo na Ngara swali hili lina msimu wake. Wiki ya Krismasi mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanashusha watu Nyakanazi na Lusahunga, mabegi yanafuatwa na ndoo, ndoo zinafuatwa na watoto waliolala. Kuna wanaokata kwenda Biharamulo mjini, kuna wanaoendelea kuelekea Nyakahura, Ngara na Rulenge. Mtu amekaa barabarani zaidi ya kilometa 1,000, amevaa vizuri, ameleta mkate wa mjini. Basi yule aliyebaki nyumbani mwaka mzima anajiona yuko kwenye mtihani. Asipoonyesha kitu mezani, itasemwa kwamba kijijini maisha yamewashinda. Kwa hiyo anakopa, na anakopa akitabasamu.

Wanaomtetea wana methali mkononi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naipenda methali hii kwa sababu haidanganyi. Inakubali wazi kwamba mwenyeji naye ana faida yake. Mgeni akija, na watoto wa nyumba watakula nyama. Sufuria lililokaa juu ya kabati litashushwa. Hata mzee aliyenuna tangu Oktoba ataongea. Wanaompinga nao wana ya kwao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza misingi ya ujamaa, kuonyesha kwamba ukarimu wa Kiafrika haukuwa kulea uvivu. Watu husoma methali hizi mbili kama zinapigana. Mimi naona zinazungumzia daftari moja: ya kwanza inasoma upande wa mapato, ya pili upande wa matumizi.

Nije kwenye daftari langu, maana maadili bila namba ni hotuba tu. Kwetu tunakula watu 14 siku ya Krismasi, na bajeti yangu ni shilingi 90,000. Nyama ya ng'ombe kilo 3, elfu 30. Mikungu miwili ya ndizi, elfu 14. Mchele kilo 4, elfu 10. Vitunguu, nyanya, karoti na viungo, elfu 7. Mafuta ya kula lita moja, elfu 6. Sukari na majani ya chai, elfu 6. Maharage kilo 2, elfu 5. Mkaa, elfu 5. Zinabaki elfu 7 za matunda na soda za watoto. Hakuna kuku. Hakuna kitimoto pia, ingawa kuna wanaoililia, kwa sababu jirani yetu Mwislamu huwa anakuja na wanawe, kama sisi tunavyokwenda kwao siku ya Idd. Nyama ya bucha anakula bila kuuliza maswali, na mimi sitaki mgeni wangu aanze kwa kuuliza maswali.

Shemeji yangu anayekaa Dar hakosi kuchokoza. "Shemeji, yaani Krismasi nzima hata jogoo?" Namwambia, "Shemeji, jogoo mmoja kwa watu 14 ni kesi, si kitoweo." Tunacheka, lakini nasema kweli. Kuku ana viungo vyenye vyeo. Firigisi ina mwenyewe, paja lina mwenyewe, na mwisho wa foleni kuna mtoto anayepewa shingo na kuambiwa ashukuru. Ukipika ndizi na nyama pamoja, nyama ikakatwa vipande vya kawaida, mchuzi ukaingia kwenye kila ndizi, ladha inafika kwa wote. Hapo ufinyu wa hela unatufundisha usawa ambao tukiwa na nafasi labda tusingeukumbuka.

Sasa, je, kilo 3 kwa watu 14 ni uchoyo? Aristotle, kwenye kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, anajibu vizuri kuliko wengi wetu. Anasema ukarimu haupimwi kwa wingi wa kinachotolewa, unapimwa kwa hali ya mtoaji. Anayetoa kidogo anaweza kuwa mkarimu zaidi kama alikuwa na kidogo. Hilo tulikwishalisikia kanisani kwenye habari ya mjane na senti zake mbili. Lakini Aristotle anaongeza jambo ambalo mahubiri ya Desemba huwa yanaliruka: mtapanyaji, kwa kuwa mfuko wake unakauka haraka, mara nyingi huanza kuchukua pasipofaa ili aendelee kutoa. Kwa hiyo ukarimu una maswali mawili. Watu tunauliza moja tu, umetoa kiasi gani. La pili ni gumu zaidi: umetoa wapi?

Msomaji wa fasihi atanisimamisha hapa na kunikumbusha Babette. Karen Blixen, yule aliyeishi na kulima kahawa chini ya milima ya Ngong, Kenya, hadi mwaka 1931, aliandika hadithi ya mpishi Mfaransa aliyekimbilia kijiji cha Norway na kuwatumikia dada wawili wacha Mungu. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1958. Babette anashinda faranga 10,000 kwenye bahati nasibu, na zote anazimaliza kwa mlo mmoja wa watu 12. Asubuhi yake hana hata senti. Kama mimi ninahubiri bajeti, si nimhukumu Babette?

Simhukumu hata kidogo, na nimejiuliza kwa nini. Babette alitumia chake. Hakuwa na mtoto wa kumnunulia viatu, hakumkopa mtu, hakuchukua kwenye mfuko wa wale dada wawili. Umaskini wa siku iliyofuata ulikuwa wake peke yake, na aliuchagua akiwa macho. Mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza kila kitu mezani na mimi nikampigia makofi. Kwa hiyo tatizo la karamu ya mkopo haliwezi kuwa ukubwa wake.

Tatizo ni kwamba bili inakwenda kwa mtu ambaye hakualikwa kuamua. Sote tunaijua Januari. Shule zinafunguliwa. Ni kweli tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, lakini sare hazishuki kutoka mbinguni, wala madaftari, wala viatu. Mwenyeji aliyekopa elfu 60 ili meza ijae hakutoa elfu 60 zake. Alitoa viatu vya mtoto wa darasa la nne. Mtoto huyo alikula siku ile na alifurahi, ndiyo, ila hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anakula viatu vyake. Wageni nao walishukuru, wakamshukuru asiyestahili shukrani hizo. Hapa ndipo naona ubaya ulipojificha: kupokea sifa za ukarimu kwa kitu alichokitoa mwingine.

Na si fedha tu. Kuna jasho. Nyumba nyingi karamu ya bei rahisi inakuwa rahisi kwa sababu kuna mwanamke ambaye saa zake hazihesabiwi. Ndizi za watu 14 hazijimenyi. Mchele wa kijiji una mawe, unachambuliwa kwenye ungo punje kwa punje. Halafu anayepika anakula mwisho, amesimama, ukoko na mchuzi uliobaki, na wanaume wanasema mwaka huu hatukutumia sana. Mmetumia sana, isipokuwa hamkuandika. Kwangu mimi ndiye mpishi, na nimeweka sheria mbili ambazo mama mkwe alizishangaa mwanzoni, sasa anazitetea kuliko mimi: wanaume wa nyumba, shemeji akiwemo, wanamenya ndizi asubuhi, na sahani za waliopika zinapakuliwa kwanza na kufunikwa. Ndizi zikimenywa na wanaume kumi huwa zinaisha kabla mazungumzo hayajaisha. Sheria hizo hazigharimu hata mia.

Wilaya ya Ngara imesoma somo la ukarimu kwa kiwango ambacho wilaya chache duniani zimekisoma. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa takribani 24, na Benako ikawa kambi kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Silinganishi mtu anayekimbia kuuawa na shemeji anayekuja kula pilau. Mizani haiwezi kuwabeba pamoja. Ninachokitazama ni upande wa mwenyeji. Mahindi ya msaada yalikuwa na mlipaji anayejulikana. Kuni, maji na miti vililipwa na vilima vya Ngara, na wakulima waliokuwa wakiishi kwenye vilima hivyo hawakuwa na akiba. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31, na siku chache kabla ya Krismasi barabara ya Rusumo ikajaa watu tena, safari hii wakielekea upande wa pili. Sababu zilikuwa nyingi, za siasa na za usalama, na si kazi yangu kuzipanga hapa. Ila jambo moja linabaki kwangu: mlango unaofunguliwa bila kuangalia nani anabeba gharama hauwezi kukaa wazi milele. Mwenyeji aliyechoka huanza kumchukia mgeni, na chuki hiyo haipati ruhusa ya kusemwa, maana imevaa nguo ya ukarimu.

Nyumbani inatokea hivyo hivyo, kwa udogo wake. Mwenyeji aliyekopa anahesabu vipande mdomoni mwa mgeni. Anasema ongeza, kula, huku moyo unasema basi. Mgeni mwenye akili anausikia ule moyo.

Tufanye nini basi, tufunge milango? Hapana. Tumruhusu mgeni alipe kidogo. Najua wapo watakaosema hiyo ni aibu, eti mgeni haji na sufuria. Kwani tangu lini? Wazee wetu walikwenda kwenye sherehe za wenzao na kikapu cha unga au kibuyu cha pombe ya ndizi, na hakuna aliyeona kwamba mwenyeji ameshindwa. Hata leo majirani wanachanga, wananunua ng'ombe mmoja, wanagawana kilo kwa kilo, na vikundi vya kuweka na kukopa vinagawana akiba yake Desemba. Waingereza maskini wa enzi za Dickens walikuwa na kitu cha aina hiyo: vikundi vya kuchanga senti kila wiki ili Krismasi kila familia ipate bata bukini. Kwenye hadithi yake maarufu ya Krismasi ya mwaka 1843, familia ya Bob Cratchit inakula bata bukini aliyeokwa kwa mwoka mikate, na hakuna hata mmoja anayethubutu kusema kitindamlo ni kidogo kwa familia kubwa namna ile. Huwa tunausoma ule ukimya kama huzuni. Mimi nausoma kama mchango: kila mmoja mezani anachangia kwa kutolalamika.

Kumkatalia mgeni mchango wake kunaonekana ni wema, lakini mara nyingi ni kiburi. Ni kutaka sifa zote zikae upande mmoja wa meza. Siku hizi ninapowapigia simu wageni wangu nasema wazi: mimi nina nyama, ndizi na mchele, wewe wa Ngara njoo na maharage mabichi, wewe wa Dar beba soda. Hakuna aliyewahi kukasirika. Shemeji mwenyewe alijibu, "Basi jogoo nakuja naye mimi." Nikamwambia karibu sana, ila firigisi itakatwa vipande 14.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Asiye na hela ana haki kamili ya kuandaa karamu, tena pengine kuliko tajiri, kwa kuwa yeye ndiye anayehitaji zaidi ile siku moja ya kuitwa mwenyeji. Asichokuwa na haki nacho ni kuilipa kwa mfuko wa mtu ambaye hajaulizwa. Kabla ya kwenda sokoni, mwite yule mtoto wa darasa la nne, mwonyeshe daftari, mwambie viatu vyako viko hapa, havijaguswa. Kilichobaki baada ya hapo, hata kama ni maharage na chai ya maziwa, kiite karamu bila aibu.