Baleghe si Rushdi



Ndugu zetu Waislamu wa Nakuru, Gilgil na Molo, tumezoea kuwapita watoto wenye chupa ya gundi mdomoni, tukawaita chokoraa na kushika mifuko yetu. Wako wasemao kuwa wamepandwa na mashetani, wapelekwe kwa mganga. Wengine husema ni damu ya baba mlevi, haioshwi. Kauli zote mbili hatuzikubali.

Sheria yetu imetenganisha baleghe na rushdi. Baleghe ni ya mwili; rushdi ni akili ya kupima lenye kufaa na lenye kudhuru. Aya ya 6 ya Suratin Nisaa imeamrisha mayatima wajaribiwe, wala wasikabidhiwe mali yao mpaka wafike umri wa kuoa na rushdi ionekane kwao. Imamu Shafi hakuiwekea rushdi miaka. Imamu Abu Hanifa alisema mtu akifika miaka 25 apewe mali yake. Wataalamu wa leo nao wasema sehemu ya mbele ya ubongo, izuiayo pupa, haikomai mpaka baada ya miaka 20 na kitu, hali tamaa ya raha huamka mapema. Hatusemi kwamba Abu Hanifa alipima bongo. Mwenye kudai hivyo anamsingizia.

Mwaka 2012 watafiti wa Portland, Marekani, walieleza khabari za vijana wa miaka 13 hadi 15 waliochezeshwa mchezo wa bahati ndani ya mashine ipigayo picha ubongo. (Mchezo wenyewe hatuupendi, ila khabari yake twaichukua.) Baadhi yao walikuwa na jamaa walevi. Walipochagua penye hatari, sehemu ile ya mbele ilifanya kazi kwa udhaifu kwao kuliko kwa wenzao. Lakini tazameni: hawakuchagua vibaya kuliko wenzao. Udhaifu upo, hukumu haijapita.

Basi mtoto huyo anahitaji walii, mtu wa kumzuia mpaka akili yake iweze kumzuia. Nasi twafanya kinyume. Gundi ya viatu, ambayo mvuke wake una toluini iharibuyo ubongo, huuziwa na mtu mzima, naye ajua kuwa mtoto haendi kushona kiatu. Kamari ya simu imekatazwa na sheria ya Kenya kwa aliye chini ya miaka 18. Hucheza kwa laini ya kaka yake.

Hitima ya siku moja haikosi ng'ombe wala mchele. Lakini huulizwa kama zaka yafaa kwa mtoto avutaye gundi! Yafaa, akiwa Mwislamu fakiri au masikini, wala asipewe mkononi: hupokelewa na walii wake. Asiye na walii, Waislamu wa mji wamchagulie mwaminifu, amnunulie chakula na nguo, amlipie skuli, na hesabu isomwe msikitini. Na asiye Mwislamu apewe sadaka, kwani hiyo haina mpaka huo.