Aliyekalia Kiti Kabla Yako

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Kasulu na Kibondo hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Ndani mna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili. Vyote huskaniwa na kupakiwa kwenye kompyuta moja inayokaliwa na watu kutwa nzima. Kijana akilipa, anaondoka. Cheti cha kifo cha baba yake kinabaki kwenye skrini, faili likiwa na jina lake kamili, na anayefuata anakiona kabla hajauliza bei.

Ushauri mwingi kuhusu faragha humlenga mtu mwenye kompyuta yake. Aliyekodi kiti hakuchagua mpangilio hata mmoja wa kivinjari anachotumia. Kwake faragha ni amana, na aliyeishika ni mhudumu.

Amana hiyo ina kazi ndogondogo. Kivinjari kizuiwe kuuliza kama kihifadhi neno la siri, maana mwenye haraka hubofya ndiyo bila kusoma. Kiwekwe kufuta historia na vidakuzi kila kinapofungwa, nacho kifungwe kweli baada ya kila mteja. Dirisha la faragha husaidia, ila haligusi faili lililopakuliwa. Hilo lifutwe kwa mkono, na kapu la taka limwagwe. Linaloniogofya zaidi ni mteja kuingiza akaunti yake ya Google kwenye kivinjari chenyewe, akaruhusu kulandanisha, kisha akaenda zake. Maneno ya siri ya watakaomfuata yanaweza kuhifadhiwa humo na kumfikia hadi kwenye simu yake, naye hana nia mbaya yoyote.

Tena mipangilio haidumu. Fundi akija kupiga windo upya, kivinjari kinarudi kilivyotoka kiwandani na kazi inaanza mwanzo.

Wapo wanaosema hawana cha kuficha. Wayasemee hayo kwingine. Kasulu ni jirani ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopo tangu 1996, na Kibondo ni jirani ya Nduta, palipojengwa kambi nyingine. Waliokimbia Kongo na Burundi wanajua jina na kijiji cha mtu vinaweza kumfanyia nini vikiangukia mikono isiyofaa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Vizuri sana, ila hakuna mkaguzi atakayesimama kila kaunta jioni.

Mhudumu naye ana hoja yake. Mteja yuleyule atarudi baada ya miezi kuangalia majibu, neno la siri kalisahau, na laini aliyojisajilia haipo tena. Ndipo linapozaliwa lile daftari la kaunta: jina, namba ya mtihani, neno la siri, kwa kalamu ya bluu. Limeanzishwa kwa huruma, sibishi. Lakini linalala wazi karibu na mashine ya fotokopi, na kila anayesubiri chenji anaweza kulifunua. Karatasi yenye maelezo yake ikatwe, apewe mteja mwenyewe. Akiipoteza, kuomba neno jipya kunawezekana, na mhudumu atalipwa kwa kazi hiyo pia.